"Sikukusudia" mbele ya hakimu: droni karibu na ndege

Mpwa wangu anayeishi Embakasi, jirani na uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi, alinipigia simu wiki iliyopita kuniuliza kama angeweza kurusha droni yake kutoka kwenye paa la ghorofa lao, ili apige picha za ndege zinazotua. "Mjomba, ni kadogo tu, na sitakasogeza karibu," alinihakikishia. Nilimjibu kwamba yuko karibu hata kabla hajakiwasha chombo chake, kwani kanuni za Kenya za mwaka 2020 zinakataza kurusha droni ndani ya kilomita 10 za uwanja mkubwa wa ndege bila idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Hapo akauliza swali lililonifanya niandike: na ikitokea ajali, ilhali hakuwa na nia mbaya?

Nilimsimulia kisa cha Los Angeles. Mnamo Januari 2025, moto ulipokuwa ukiteketeza mtaa wa Pacific Palisades na droni zikiwa zimepigwa marufuku katika anga ya eneo hilo, mwanamume mmoja alipanda juu ya jengo la kuegeshea magari huko Santa Monica, akarusha droni yake ili aone uharibifu. Ilikwenda kiasi cha mita 2,500 kutoka alipokuwa, akawa haioni tena, nayo ikagonga bawa la kushoto la Super Scooper, ndege ya kuzima moto iliyotoka Quebec, Kanada, ikiwa na watu wawili ndani. Bawa lilitoboka tundu la takriban sentimita 8 kwa 15. Ndege ilitua salama, lakini ilikaa chini siku kadhaa ikitengenezwa, katika juma ambalo kila tone la maji lilihitajika.

Hakuna aliyedai kwamba mtu huyo alikusudia kuigonga. Hata hivyo alishtakiwa kwa kuendesha droni kwa njia ya hatari, kosa ambalo kifungo chake hufika mwaka 1, akakiri, akakubali kulipa fidia ya matengenezo yaliyozidi dola 65,000 na kufanya kazi za jamii kwa saa 150. Uzembe wa namna hiyo ukimjeruhi mtu vibaya au kumuua, sheria hiyohiyo ya Marekani inaruhusu kifungo cha hadi miaka 10. Kwa maoni yangu, kosa lake kubwa lilitangulia ule mgongano: hakuhakikisha kama anga iko wazi, kisha akaendelea kurusha kitu asichokiona kwa macho yake, akiitegemea kamera.

Mpwa wangu, ambaye hakosi hoja, akanikumbusha Gatwick. Ni kweli kwamba mnamo Desemba 2018 taarifa za droni kuonekana zilivuruga safari zipatazo 1,000 na abiria wapatao 140,000 katika uwanja huo wa Uingereza, na kwamba hakuna aliyetiwa hatiani, ingawa kuhatarisha usalama wa ndege huko ni kosa la kifungo cha hadi miaka 5. Mume na mke waliokamatwa waliachiliwa bila mashtaka, na baadaye polisi wakawaomba radhi na kulipa jumla ya pauni 200,000, sehemu kubwa ikiwa gharama za mawakili. Lakini Machi 2019 eneo lililokatazwa lilipanuliwa kutoka kilomita 1 hadi kiasi cha kilomita 5, na kabla ya mwaka kwisha usajili ukawa wa lazima. Mhusika hakupatikana, na mzigo ukatuangukia sisi tunaorusha kwa starehe. Nimelalamika sana kuhusu jambo hilo, ingawa siwezi kusema kwamba halina sababu.

Tumekubaliana aanze kwa kuisajili droni yake. Picha za ndege atazipiga kwa simu, akiwa amesimama juu ya paa lake.