Gari likifika gereji linapona

Nauza samaki. Nanunua soko la samaki la Deep Sea hapa Tanga jioni, nawalaza kwenye barafu, na saa saba usiku Hiace yangu ya mwaka 1998 inashika njia ya Muheza, Segera, Korogwe, Mombo, hadi Lushoto. Dereva ni mtoto wa kaka yangu. Mimi nakaa kiti cha mbele, juu ya injini, makalio yanaungua na mgongo unapigwa na baridi ya barafu. Mwaka wa tisa sasa.

Mwaka jana, kona za kupandisha Soni, kijana akaniambia, "Shangazi, gari linachemsha." Nikatazama. Mshale wa joto umepanda, umekaribia wino mwekundu. Tukaegesha, akazima injini, tukasubiri. Alipofungua rejeta kwa tambara, maji yamejaa hadi mdomoni, yametulia, hata povu hakuna. Tukasema alhamdulillahi, washa twende. Akazungusha ufunguo.

*Ta!*

Basi. Mlio mmoja, kama mtu kagonga sufuria kwa kijiko, na taa zote za dashibodi zikafifia kwa pamoja. Akarudia. *Ta!* Nyuma yangu vibua na changu kilo mia tatu, barafu inadondoka. Tuliliwasha kwa kuliachia lirudi kinyumenyume mteremkoni, akaingiza rivasi, akaachia klachi. Nilisoma dua zote ninazozijua na nyingine nikazitunga palepale.

Kesho yake nikalipeleka gereji. Fundi akazungusha ufunguo, gari likawaka mguso mmoja. Akazima, akawasha tena, likawaka. Akanitazama kwa huruma. "Mama, gari zima hili."

Nafikiri kila mwenye gari la zamani anaijua aibu hiyo. Ni kama mtoto aliyelia usiku kucha kwa homa, ukimfikisha zahanati anacheza na kalamu ya daktari.

Kwa kuwa hakuna aliyeuona ugonjwa, tukaanza kutibu kwa kubahatisha. Betri mpya ya N70, shilingi 280,000. Nafuu wiki mbili, kisha *ta!* tena, safari hii Korogwe kwenye kituo cha mafuta. Fundi wa pili akasema stata, ile mota inayozungusha injini wakati wa kuwasha, imechoka, tukafunga nyingine ya kutumika, 150,000. Wa tatu akasema alteneta, mashine inayochaji betri injini ikilia, haichaji vizuri, maana taa ya chaji ilikuwa inawaka kwa mbali, wekundu hafifu kama wa sigara, 180,000. Thamostati, kile kizibo kinachoongoza maji ya kupoza injini, nayo ikatolewa ikatupwa, kwa sababu ya ule mshale. Katikati ya hayo waya wa mafuta, ule unaotoka kwenye pedeli kwenda kwenye pampu, ukaanza kuwa mzito, ukabadilishwa. Baada ya miezi minne ukabadilishwa tena. Huo waya naomba uukumbuke, nitaurudia.

Mimi shule yangu iliishia darasa la saba, lakini daftari naliamini. Biashara ya samaki bila daftari ni sadaka. Nikafungua ukurasa wa gari, na kila kituko kikitokea naandika: saa, mahali, mzigo, mvua au jua, nini kilikuwa kimewashwa. Kijana akanicheka. Miezi miwili baadaye nikaketi nikausoma ukurasa kama ninavyosoma madeni.

Mchana: hakuna hata mara moja mshale uliopanda. Tunarudi kutoka Lushoto jua linawaka, tena joto la Mombo mnalijua, mshale umelala katikati. Usiku, kwenye baridi ya Soni, ndipo gari "linachemsha". Inawezekanaje?

Nikatoka uani, nikamwambia kijana awashe injini aiache ilie. Mshale katikati. Nikamwambia awashe taa kubwa. Mshale ukapanda mstari mmoja, palepale, kama umeitwa. Zima taa. Ukashuka. Akiongeza feni na waipa, unapanda zaidi. Tulifanya hivyo mara saba na majirani wakaanza kutoka kutazama. Sasa, mimi napika, nayajua maji. Maji hayachemki wala kupoa kwa kupepesa jicho.

Nilikwenda kwa mzee mmoja Ngamiani, fundi redio, ambaye gari hana wala hajawahi kuwa nalo. Shikamoo, marahaba, nikamweleza. Hakuuliza habari za stata wala betri. Aliuliza, "Umeme ukishatoka kwenye taa, unarudi vipi?"

Sikujua kama unarudi. Nilidhani unakwenda pale, taa inawaka, umekwisha. Akanieleza kwa lugha ya kazi yangu: matenga yakienda Lushoto na samaki lazima yarudi matupu, la sivyo kesho hakuna safari. Umeme nao ni hivyo. Unatoka chanya ya betri kwa waya, unafanya kazi, halafu unarudi hasi kupitia chuma chenyewe, bodi na injini. Njia hiyo ya kurudi mafundi wanaiita ethi. Sasa injini imekalia mipira, haigusani na bodi chuma kwa chuma, hivyo kati yake na bodi lazima pawe na mkanda wa waya. Na kile kidude kinachopima joto la maji kimefungwa kwenye injini, ethi yake ni injini. Mkanda ukiwa mbovu, mshale hausomi joto peke yake, unasoma na huo ubovu, na kadiri umeme mwingi unavyopita ndivyo unavyodanganya.

Akaja nyumbani na mita yake ya kupimia volti, ile yenye waya mwekundu na mweusi. Injini inalia, taa kubwa zimewaka. Akapima betri: volti 13.0. Akapima alteneta yenyewe, kutoka kwenye nati yake ya kutolea umeme hadi kwenye ganda lake: 14.3. Alteneta ni nzima, chaji haifiki. Kisha akaweka ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini. Kati ya hapo na hapo, akasema, mita inatakiwa isome karibu sifuri, maana ni sawa na kupima kitu kimoja. Ikasoma 1.2.

"Piga stata," akamwambia kijana, baada ya kuzima. *Ta!* Siku hiyo gari lilikuwa na adabu, liliugua mbele ya mganga. Mita ikaruka ikapita 4. Volti nne na ushee zinapotea njiani kurudi, stata itazunguka kwa nguvu gani?

Halafu akafanya jambo ambalo halihitaji hata mita, na ndilo ningependa ulishike kama una gari la aina hii. Akachukua waya mmoja wa kubusti, zile nyaya nene za kuazimia umeme wa gari jingine, akabana upande mmoja hasi ya betri, upande wa pili kwenye chuma kitupu cha injini. "Piga." Injini ikazunguka kama mpya. Akautoa: *ta!* Akaurudisha: ikawaka. Nilipiga kigelegele, sikuona haya.

Tukaingia chini. Mkanda wenyewe ni waya wa shaba uliosukwa kama ukili. Wangu ulikuwa umegeuka kijani, nyuzi zaidi ya nusu zimekatika, na pale unapofungwa kwenye bodi kutu imevimba kwa tabaka, ukiigusa inamenyeka kama magamba ya changu. Juu yake kuna ukungu mweupe. Mzee akaweka kidole, akalamba. "Chumvi."

Nikatazama juu, nikaona mwanga. Ni tundu. Ni tundu nililolitoboa mimi mwenyewe, au tuseme nilimlipa mtu alitoboe, ili maji ya barafu ya samaki yasituame sakafuni. Miaka yote hiyo maji ya chumvi yalikuwa yanadondoka juu ya mkanda ule, tone tone, kutoka Tanga hadi Lushoto. Mzigo ukitikisika na njia ikiwa mbovu, mkanda unashika kidogo. Ukilowa na kulegea unaachia. Ukikauka na kutulia gereji, unashika tena.

Na ule waya wa mafuta? Umeme wa stata ni mwingi, ukinyimwa barabara unatafuta uchochoro. Waya wa mafuta ni chuma, unaunganisha bodi na injini. Kila tulipopiga stata, sehemu ya umeme ilikuwa inarudi kupitia pale, waya unapata moto, plastiki ya ndani inayeyuka, pedeli inakuwa nzito. Kijana akakiri kwamba harufu ya plastiki alikuwa anaisikia, akadhani ni jirani anachoma takataka.

Tulipiga msasa pande zote mbili hadi chuma kikang'aa, tukafunga waya mnene mpya wa unene kama wa stata, na wa pili wa akiba mahali pengine pakavu, grisi juu yake. Tundu tukalivisha mpira unaotoa maji nje kabisa. Jumla 38,000 pamoja na chai ya mzee. Betri ikasoma 14.1 taa zikiwa zimewaka. Kwenye kupiga stata, kati ya hasi na injini, 0.2.

Stata ya zamani nilimwachia yule fundi wa pili kama chuma chakavu. Juzi nilipita gerejini kwake, nikaikuta imefungwa kwenye Hiace ya mwalimu mmoja, naitambua kwa alama ya rangi ya buluu niliyoipiga mwenyewe. Mwalimu akanisalimu, akazungusha ufunguo, gari likawaka mguso mmoja.