Kindi Mmoja na Ukumbi Mzima

Nimeitazama filamu ya Superman iliyoongozwa na James Gunn mara mbili sasa: usiku wa kwanza ilipoingia katika majumba ya sinema mwezi wa Julai 2025, nikiwa na kaka yangu katika ukumbi uliofurika, na tena majuma matatu baadaye, alasiri, nikiwa peke yangu miongoni mwa watu wasiozidi kumi na watano. Kilichobaki moyoni mwangu si mapigano wala rangi zake angavu, bali kindi mmoja, pamoja na sauti ambazo watu walizitoa walipomwona.

Usiku ule wa kwanza watu walikuja wakiwa wameshajiandaa kushangilia. Taa zilipozimwa walianza kupiga makofi hata kabla ya kitu chochote kuonekana, kisha yakaja maandishi yanayohesabu wakati kwa tatu tatu, kutoka karne tatu zilizopita, miongo mitatu, miaka mitatu, hadi dakika tatu, ambapo tunaambiwa kwamba Superman ameshindwa vita kwa mara ya kwanza. Shujaa anaanguka kwenye theluji akiwa amevunjika na kutapakaa damu, hawezi kusimama, na analolimudu ni kupiga mluzi ili mbwa wake aje kumkokota. Makofi yalikatika. Nilihisi mamia ya watu wakijiuliza kwa pamoja kama wanaruhusiwa kumhurumia mtu waliyekuja kumstaajabia.

Kisha akaja kindi. Katikati ya mapambano na dubwana linalobomoa mji, Superman anaacha kwa sekunde chache kila alichokuwa akifanya, anamnyakua kindi aliyekuwa karibu kupondwa, anamfikisha mahali salama, halafu anarejea vitani. Baadhi ya watu walicheka kwa furaha, kama mtu anavyocheka anapopewa zawadi asiyoitarajia. Wengine walicheka kicheko kifupi cha kuona haya, na nyuma yangu mtu mmoja akasema kwa sauti, "Hata kindi?" Kaka yangu aliniinamia na kuuliza kwa mnong'ono kama kweli mtu mwenye akili timamu anaweza kuuacha mji unaoporomoka akahangaikie mnyama wa kiasi kile. Sikumjibu, kwa kuwa nilikuwa nikifuta machozi na sikutaka anione.

Baadaye nilisoma kwamba swali lake liliulizwa mapema zaidi, na watu wengi zaidi. Gunn amesimulia kuwa katika maonyesho ya majaribio, ambapo filamu huonyeshwa kwa watazamaji wachache kabla haijakamilika, kindi huyo alizua ubishi mkubwa, na wapo waliotaka aondolewe. Mwongozaji alimwondoa, akaona pengo, akamrudisha. Ninamshukuru kwa dhati. Watazamaji wa majaribio wana haki ya kusema walichohisi, lakini mara nyingine mtu hukataa jambo kwa sababu limemgusa mahali ambapo hakujiandaa kuguswa.

Nasema hivi nikikumbuka mwaka 2013. Zack Snyder alipotoa Man of Steel, nilitoka ukumbini nikiwa mzito kifuani, kwa kuwa Superman na Jenerali Zod walipigana kupitia majengo ya Metropolis hadi sehemu kubwa ya mji ikawa kifusi, na mwisho Superman akamvunja adui yake shingo. Walioipenda waliipenda kwa uzito wake huo. Wengi wetu, hata hivyo, tulilalamika kwa miaka mingi: wale waliokuwa ndani ya majengo walihesabiwa na nani? Lalamiko hilo lilikuwa kubwa kiasi kwamba filamu iliyofuata, ya mwaka 2016, iliurudia uharibifu uleule mwanzoni mwake, safari hii ukionekana kutoka barabarani kwa macho ya Bruce Wayne, yaani Batman, anayekimbilia kwenye vumbi kuwatafuta wafanyakazi wake. Jibu la 2016 lilikuwa hasira na maombolezo. Jibu la 2025, kwa jinsi ninavyoliona mimi, ni kindi. Tuliomba shujaa asiyempuuza yeyote aliye chini ya miguu ya vita, na tulipopewa shujaa asiyempuuza hata mnyama mdogo kabisa, baadhi yetu tuliona haya.

Hayo hayaonekani katika alama. Shirika la CinemaScore, ambalo tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 limekuwa likiwagawia watazamaji wa Marekani na Kanada kadi za kupigia kura katika usiku wa kwanza wa filamu, liliipa Superman ya 2025 alama ya A-, na Man of Steel nayo ilikuwa imepata A- ileile. Mtu anayesoma alama hizo tu angedhani kwamba hadhira mbili zilihisi jambo moja. Mimi nilikuwa ndani ya hadhira zote mbili, na naweza kushuhudia kwamba ile ya kwanza ilitoka kimya, ikitembea taratibu kuelekea mlangoni, ilhali hii ya pili ilitoka ikibishana kwa sauti hadi nje.

Ubishi mkubwa haukuwa wa kindi bali wa ujumbe wa wazazi. Tangu Jerry Siegel na Joe Shuster walipomleta mhusika huyu mwaka 1938, tumezoea kwamba wazazi wake wa sayari nyingine walimtuma duniani kwa upendo, na katika filamu ya 1978 sauti ya baba yake, iliyotolewa na Marlon Brando, ilikuwa kama baraka. Katika filamu hii ujumbe wao umeharibika nusu, Superman anaishi kwa nusu aliyonayo, na adui yake Lex Luthor anapoifichua nusu ya pili, inambainikia kwamba walimtuma aje kututawala. Ukumbi uliguna. Kwa muda mrefu watu walisubiri ifichuliwe kwamba ni hila ya Luthor, lakini haikuwa hila. Kaka yangu alikunja mikono na hakuikunjua tena hadi mwisho.

Njiani kurudi hakusema neno, nami nikamwachia ukimya wake. Baba yetu alifariki tukiwa wadogo, na kaka, aliyenizidi miaka minne, ndiye mwenye kumbukumbu chache za maneno yake. Mimi sina hata moja. Nadhani kwake yeye kugusa maneno ya baba aliyekufa ni kugusa kitu kisichogusika, hata kama baba huyo ni wa kubuniwa na sayari yake ililipuka. Mimi nililelewa na mama mdogo, ambaye hakunizaa, na Jonathan Kent alipoketi na Superman, mwanawe wa kulea, na kumweleza kwamba uchaguzi wake na matendo yake ndiyo yanayomfanya awe alivyo, nilisikia sauti ya mama mdogo kabisa. Tuliketi viti viwili vilivyopakana, tukaitazama filamu moja, kila mmoja akalia kwa jambo lake. Sikubaliani na wanaosema kwamba waliochukizwa na ujumbe ule hawakuielewa filamu. Kaka yangu aliielewa vizuri mno, na ndiyo maana ilimuuma.

Kuhusu siasa nitasema machache. Gunn aliliambia gazeti la Uingereza, The Times, kwamba Superman ni mhamiaji na kwamba kiini cha hadithi yake ni wema wa kibinadamu, na baadhi ya watangazaji wa Marekani wakakasirika kabla ya kuitazama filamu. Wengine waliona katika vita vya Boravia na Jarhanpur, nchi mbili za kubuniwa katika filamu, picha ya vita wanavyovijua, ingawa mwongozaji alieleza kwamba aliandika hadithi yake bila kuvilenga. Katika ukumbi wetu, mtoto wa Jarhanpur alipoinua bendera yenye alama ya Superman mbele ya majeshi, hakuna aliyejadili siasa. Palikuwa kimya kabisa.

Mara ya pili nilikwenda kwa ajili ya kindi tu, na siogopi kulisema hilo. Mbele yangu palikuwa na baba na binti yake wa miaka mitano au sita. Bila umati wa kushangilia, filamu ilionekana tulivu zaidi, na vichekesho vilivyopata kishindo usiku wa kwanza vilipita bila sauti. Kindi alipotokea, mtu mmoja tu alitoa sauti, naye alikuwa yule mtoto, aliyevuta pumzi kwa nguvu na kumshika baba yake mkono. Hakucheka. Kwake mji na kindi vilikuwa na haki sawa ya kuokolewa, na alitulia pale tu alipohakikisha kwamba kindi amewekwa salama.

Filamu ilipokwisha wengine waliondoka. Mtoto akauliza, "Baba, yule kindi alikwenda wapi?" Baba yake alifikiri kidogo, akamwambia kwamba katika filamu za namna hii huwa kunabaki kipande baada ya majina, kwa hiyo wasubiri, huenda wakamwona. Wakasubiri. Nami nikabaki kitini nyuma yao, majina yakapita, akaonekana Superman ameketi mwezini na mbwa wake, majina yakapita tena kwa muda mrefu, likaonekana jengo lenye ufa ulioungwa vibaya, na mtoto alikuwa bado amesimama juu ya kiti, akitafuta kwenye kila pembe ya picha.