Goma siku hizi kilio kinakaliwa mchana

Ninyi mlioacha Goma miaka ile niliyoiacha mimi, baada ya wapiganaji wa M23 kuingia mjini Novemba 2012 na kutoka, mnajua kilio cha kwetu kilivyokuwa. Avenyu inafungwa. Bashi, lile turubai, linavutwa kutoka ukuta wa huku hadi ukuta wa kule, viti vinatoka kanisani, magogo yanawashwa katikati, vijana wanapiga karata hadi kunakucha. Kwaya ya Wakatoliki ikichoka, ya Waprotestanti inapokea. Shangazi za marehemu wanafika kutoka Masisi na Rutshuru na mikeka yao, wanalala palepale, na hakuna anayewauliza watarudi lini. Ulikuwa ukipanda usiku kutoka Birere kwenda Majengo unakuta vilio viwili vitatu njiani, na unaingia hata kama humjui marehemu, unakaa kidogo, unapewa chai.

Kule Ubelgiji tulilia kwa zamu ya ukumbi: saa sita mnaingia, saa tisa mnatoka, ufunguo unarudishwa kwa mwenyewe. Kila mara nilijiambia kwamba siku nikifiwa kweli nitalilia nyumbani, usiku, kwa sauti, watu wakinishika. Sasa nimerudi. Saa kumi na moja jioni viti vinakusanywa na kila mtu anakwenda kujifungia kwake.

Safari sitaisimulia sana. Uwanja wetu wa ndege ulifungwa na vita vya Januari 2025, kwa hiyo nilishukia Kigali, nikapanda basi hadi Gisenyi na kuvuka mpaka kwa miguu. Anayekuja abebe dola taslimu, noti safi zisizo na mkwaruzo, maana noti iliyochanika hata ncha haipokelewi na mtu hapa, na benki mlizozizoea zilifunga milango vita vilipoingia. Njia ya Sake msiitazamie ile mliyoiona kwenye picha. Wakimbizi wa vita waliokuwa wamejaa kambi za Bulengo, Lushagala na Mugunga waliambiwa waondoke Februari 2025, mahema yakang'olewa.

Yaliyonikaa moyoni ni ya avenyu yetu.

Ilipigwa mara ya kwanza wiki ile ya mwisho wa Januari 2025, M23 ilipouteka mji. Kombora liliangukia ua wa wapangaji. Nyumba zetu za mbao mnazijua: risasi inaingia ukuta huu na kutokea ule, sembuse kombora. Alikufa mama aliyekuwa akiuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, pale kona pamoja na wanawe wawili, akafa na kijana wa chukudu, kile chombo cha mbao cha kusukumia mizigo, aliyekuwa amekimbilia ndani ya ua kujikinga. Sitaandika kombora lilitoka upande gani. Wanaoishi hapa wanajua kwa nini siandiki.

Fundi cherehani wa nyumba ya mwisho alitolewa pale akiwa hai. Walimlaza juu ya chukudu ya yule kijana aliyekufa, wakaisukuma hadi hospitalini. Hospitali zote zilikuwa zimezidiwa siku zile. Mapema Februari Umoja wa Mataifa ulisema miili 2,000 ilikuwa imekusanywa mitaani na mingine 900 bado iko mochari, na ndani ya hesabu hiyo ndimo fundi wetu alimopotelea. Mkewe alizunguka mochari moja baada ya nyingine akiwa na kipande cha kitambaa mkononi, kilichobaki fundi alipojishonea shati alilokuwa amelivaa siku ile. Alikuwa akiwaonyesha wahudumu kitambaa badala ya picha. Hakumpata. Wengi walizikwa makaburi ya ITIG, wengine bila majina, na mjane huyo huenda huko akasimama popote pale akawaombea wote.

Kwa hao wa Januari hakukuwa na kilio. Maji yalikatika, umeme ulikatika, watu walikuwa wakishuka ziwani na bido, yaani madumu, kuchota maji ya kunywa. Nani angekusanya watu chini ya bashi? Dada yangu anasema kila nyumba ililia chinichini, kitenge mdomoni. Nilipofika, zaidi ya miezi sita baadaye, watu walikuwa bado wanaulizana pole kwa sauti ya chini, kama vile msiba haujaruhusiwa.

Kisha akauawa kijana wa kibanda cha kutuma pesa, mimi nikiwa nimeshafika.

Benki zikiwa zimefungwa, kibanda kile ndicho kilichokuwa benki ya avenyu. Karo za shule zilipitia pale, dawa za wazee zilipitia pale, hata pesa nilizokuwa nikituma kutoka Ubelgiji zilipitia mkononi mwake. Wenye bunduki walilijua hilo kama tulivyolijua sisi. Nilimwacha akiwa darasa la pili, anatumwa chumvi na kurudi akikimbia. Walimfuata kwao usiku. Nikasikia risasi, kisha mama yake: "Munisaidiye! Munisaidiye!"

Zamani mnajua kingetokea nini. Sufuria moja ingepigwa, ya pili ingeitikia, na mtaa mzima ungelia kwa vyuma hadi wezi wakimbie. Nilisimama nikishika sufuria. Dada yangu alikuwa ameshakaa chini, mgongo umeegemea mlango. "Hautoke," akaniambia. Maana kwenye avenyu ya juu, aliyetoka wa kwanza kupiga sufuria ndiye aliyepigwa risasi ya pili. Tukakaa gizani tukimsikia jirani yetu wa ukuta kwa ukuta akilia peke yake juu ya mwanawe, mita chache tu kutoka tulipo, na hakuna mlango uliofunguka. Nimeishi vita vya nchi hii tangu utoto, nimeikimbia lava ya Nyiragongo Januari 2002 nikiwa na mdogo wangu mgongoni, lakini usiku huo ndio ulionivunja. Wakati wa lava tulikimbia pamoja. Tulikuwa tukiitana majina njiani.

Kulipoanza kupambazuka, kabla jua halijaonekana, nikasikia miguu. Nikafungua. Akina mama walikuwa wanaingia ua wa jirani mmoja mmoja, kila mmoja na bido ya maji kichwani. Hakuna aliyewaita. Bido za lita 20 zikapangwa kando ya ukuta, za njano, zingine vifuniko vyake ni mfuko na kamba, na mama wa kwanza hakusema neno: alimimina maji kwenye beseni, akapiga magoti, akaanza kuosha damu kwenye saruji. Wa pili akamshika mama wa marehemu. Wengine wakawasha makala, yaani makaa. Saa moja asubuhi palikuwa na uji kwa watoto wa nyumba ile, na mama mmoja wa shirika amekaa kwenye kigoda, daftari la shule juu ya paja.

Daftari hilo nataka mlielewe, kwa sababu ndilo linaloishikilia avenyu yetu sasa. Limeandikwa nyumba kwa nyumba. Nani alileta maji, nani alileta makala, nani unga wa bugali, nani sombe ya majani ya muhogo, nani alilala na wafiwa mchana wapate kufumba macho. Halina kumwaibisha mtu. Linaandikwa ili nyumba iliyotoa jana isiombwe leo, na ili mjane ambaye hana kitu aandikiwe kazi anayoiweza. Mke wa fundi, yule wa kitambaa, ameandikwa "kuogesha watoto", na anaifanya kila panapotokea msiba. Wanaume wana ukurasa wao: kuchimba. Ardhi yetu ni mawe ya Nyiragongo, kaburi halichimbwi kwa jembe. Kila nyumba ilitoa mwanaume mmoja na mtaimbo au nyundo, wakapokezana tangu asubuhi, na shemeji yangu alirudi viganja vimepasuka akapakwa mafuta ya mawese. Kijana wa kibanda alizikwa siku ileile kabla ya saa tisa, watu wapate kufika nyumbani na mwanga.

Jambo lingine. Avenyu yetu ina Wahunde, Wanande, Washi, Wahutu, Watutsi, mnaijua. Hizi siku, mtu akiuawa, kabla hajafunikwa kuna anayeanza kutaja kabila la aliyeua. Chini ya bashi alisimama mzee mmoja wa mtaa jirani akaanza hivyo. Mama wa daftari hakupaza sauti. Alifunga kitabu akasema: "Hapa tunalia mutoto. Siasa, kila mutu aiache kwake." Mzee akakaa. Kisha ikaja familia moja ambayo tangu Januari wengine huitazama kwa jicho la pembeni. Walisimama langoni na bido yao, baba, mama na binti, hawajui waingie au warudi. Watu wote waliacha kuzungumza. Mama wa marehemu mwenyewe ndiye aliyeinuka, macho yamevimba, akaenda hadi langoni, akaipokea bido kwa mikono yake miwili. "Ingiyeni," akasema, "mutoto ni wetu wote." Nikamtazama mwenye daftari: alikuwa anaandika jina la nyumba yao kwenye mstari unaofuata, kama nyumba nyingine yoyote.

Kwa hiyo msiniambie Goma imekufa. Usiku ule niliamini hivyo, asubuhi nikaona kilichobaki, na kilichobaki ni kigumu kuliko kile tulichokiacha. Tulikuwa tukikesha kwa sababu tulikuwa na usiku. Hawa wameporwa usiku wao, wakakusanya msiba wote wakauweka ndani ya saa za mwanga, na hawajamwacha mtu nje.

Lakini nina hasira, na hasira yangu ni kwa sisi wa nje.

Kabla ya saa mbili asubuhi, video ya kijana yule akiwa damuni ilikuwa imeshafika Bruxelles, imerudi Goma, na mama yake akaiona kwenye simu ya mpwa wake kabla mwanawe hajaogeshwa. Chini yake watu ninaowajua wameandika "RIP" na alama za mishumaa, na wengine wametaja kabila la wauaji kutoka sebuleni mwao, maelfu ya kilomita kutoka hapa, wanaolala milango wazi. Maneno hayo yanashuka huku kwenye avenyu ambamo watu wanapokeana bido kwa mikono miwili. Anayelipia ubishi wenu ni yule binti aliyesimama langoni. Kama bado unayo video hiyo, ifute. Usinijibu, ifute tu.

Na ukija, njoo kwa adabu. Usimuulize mtu wamekufa wangapi kwao. Keti. Atakwambia akitaka, na asipotaka mtakunywa chai. Usimpe mfiwa pesa mbele ya watu huku mwenzako anapiga picha, nimeliona hilo kwa macho yangu na nimeona mama alivyogeuza uso. Peleka kwa mwenye daftari, ataandika nyumba ya wazazi wako, si jina lako la Ulaya. Usije na mradi. Kuna aliyekuja na wazo la mnara wa kumbukumbu wakati nyumba tatu za wapangaji bado zimezibwa kwa mabati yaliyotoboka. Leteni mabati. Na msimwambie mtu hapa kwamba maisha lazima yaendelee. Wao ndio waliokuwa wakichota maji ziwani maisha yakiendelea.

Sasa kuna shauri ambalo halijaisha, ndilo lililonifanya niandike. Avenyu imekubaliana kuondoa kilio, yaani kufunga msiba, mara moja kwa wote: wa kombora, fundi asiye na kaburi linalojulikana, na kijana wa kibanda. Itakuwa mchana, misa kwanza, kisha chakula uani. Wazee wengine walipinga, walisema huwezi kuondoa kilio cha mtu ambaye hukumzika. Mke wa fundi aliomba kusema. Alisema yeye amechoka kulia peke yake, na kama mumewe hana kaburi basi awe na siku. Hakuna aliyembishia, lakini wakwe zake bado hawajaafiki, na wana haki yao.

Tunawangoja pia waliokimbilia Nakivale, makazi ya wakimbizi kule Uganda, na wale walioko Bujumbura. Baadhi yao ni ndugu wa damu wa mama wa sambaza, na bila wao hatuwezi kupanga tarehe. Nauli ni ngumu, njia ni ngumu, na wengine wanaogopa kurudi. Kama uko nao huko, au unajua simu imebadilika, mfikishie dada yangu habari. Wengi wenu mnayo namba yake. Na kama kuna mtu wa avenyu yetu aliyekufa tangu Januari akiwa barabarani au kambini, nanyi mnajua, tumeni jina na nyumba aliyokaa. Mwenye daftari ameacha kurasa mbili tupu kwa ajili yao, na anataka kuzijaza kabla hatujamwendea padri kuomba siku.