Mwalimu angetulia tu?

Mpwa wangu anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) amenitibua. Tulikuwa tunakula ugali kwa mlenda hapa Area D, akasema: "Mjomba, Nyerere na siasa yake ya kutofungamana na Magharibi wala Mashariki angetulia tu kama George Washington, rais wao wa kwanza. Wamarekani walijitenga na ugomvi wa Ulaya, ona walikofika." Nikamaliza tonge kwanza.

Marekani ile haikujitenga kihivyo. Aprili 1793, Washington alipotangaza kutoegemea upande, Ufaransa na Uingereza zilikuwa vitani, na Ufaransa ilikuwa na mkataba na Marekani tangu 1778. Alichokwepa ni vita. Biashara aliitaka na wote, maana serikali yake changa iliishi kwa ushuru wa forodha. Aliyefunga mlango kweli ni Rais Jefferson, baadaye. Desemba 1807 meli za Marekani zilizuiwa kwenda bandari za nje. Mauzo ya nje yakaporomoka kutoka dola milioni 108 hadi milioni 22 mwaka uliofuata. Mabaharia wakakaa bila kazi, magendo ya kwenda Kanada yakashamiri, na Machi 1809 sheria ikafutwa. Vita na Waingereza ilikuja vilevile, 1812.

Kwetu ninaurudia mwaka 1965. Uhuru haujatimiza hata miaka minne, Ujerumani Magharibi inakasirika kwa kuwa tumewaruhusu wa Mashariki kuwa na ubalozi mdogo Dar es Salaam, inaondoa msaada wake wa kijeshi. Mwalimu anawaambia: basi chukueni na uliobaki. Desemba tunavunja uhusiano na Uingereza kwa kutowazuia walowezi wa Kizungu waliojitangazia uhuru Rhodesia (Zimbabwe ya leo), na mkopo wa pauni milioni 7.5 unazuiwa. Hela ile ingefanya mengi huku Ugogoni, tusidanganyane.

"Sasa mjomba, kutofungamana gani huko kwa kugombana na kila mtu?"

Nikamwambia mbona hatukubaki peke yetu. Wajerumani walipoondoka, Wakanada walikuja kufundisha jeshi letu. Reli ya kwenda Zambia, ambayo nchi za Magharibi ziliona haina faida, ikajengwa na Wachina. Tulishirikiana na wengi, ila hakuna aliyeruhusiwa kutuchagulia rafiki. Kwangu hilo lilistahili gharama yake.

Hajakubali. Anasema aliyelipia msimamo ule ni mkulima wa Kongwa ambaye hakuna aliyemuuliza. Hapo ana hoja, sikumbishia.