Kaki ya Baba

Baba yangu alistaafu akiwa Mkaguzi Msaidizi wa Polisi, cheo ambacho kwa mtu aliyeanza na ukonstebo, kisha akapanda kwa ukoplo na usajini, si kidogo, ingawa yeye mwenyewe hakipi uzito. Ukimuuliza juu ya kazi yake, huanzia kwenye baridi ya Moshi. Kijana wa Wete, Pemba, ambaye hakuwahi kuvaa sweta alipelekwa chuo cha polisi chini ya Mlima Kilimanjaro, akawa anaamshwa alfajiri kwa kwata, na mpaka leo hudai kwamba kilichomtesa si mwalimu wa gwaride bali maji ya kuogea.

Watu wengi hapa kwetu huwachanganya polisi na KMKM, kikosi cha kuzuia magendo, au Mafunzo, yaani askari wa magereza wa Zanzibar, jambo linalomkera hadi sasa. Vikosi hivyo ni vya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, ilhali Jeshi la Polisi ni la Muungano, na ndiyo maana Mpemba anaweza kujikuta akilinda benki Tabora. Kwetu sisi maana yake ilikuwa moja tu: uhamisho. Nilizaliwa yeye akiwa bara, na aliponiona kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeshaota meno.

Aliporudishwa Pemba tulidhani tumempata, kumbe uzito ndio kwanza unaanza, kwa kuwa kisiwa ni kidogo na kila mtu ni jamaa wa mtu. Kisheria karafuu zetu huuzwa kwa ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, lakini bei ya Mombasa ilipokuwa nzuri zaidi, magunia yalitembea usiku kuelekea bandari bubu. Akikamatwa mtu, jioni ileile kwetu ilipigwa hodi. Hawakumwendea Baba, walimwendea Mama jikoni, wakakalia mbuzi na kumsaidia kukuna nazi, na baada ya habari za wagonjwa na harusi ndipo hoja ilipotolewa. Mama aliifikisha kama ilivyo, bila kuongeza neno, naye Baba alikuwa na jibu moja: "Jalada liko kituoni, halimo humu ndani." Shangazi yetu mmoja alikaa miaka miwili bila kukanyaga kwetu kwa sababu ya mwanawe. Utotoni nilimwona Baba mgumu wa moyo. Sasa naona alikuwa na haki, ingawa bado nadhani angemwendea dada yake mapema zaidi.

Kuna jambo ambalo halizungumzi sana. MV Spice Islander ilipozama karibu na Nungwi Septemba 2011 ikielekea Pemba, alikuwa amehamishiwa Unguja. Miili ilipelekwa kiwanja cha Maisara ili jamaa waitambue, naye akapangwa kuwaongoza watu kwenye mstari, wengi wao wakiwa watu wa kwetu. Alipopata ruhusa ya kuja nyumbani alivua viatu nje, akaomba chai, akanyamaza. Kwa muda mrefu baada ya hapo alitukataza kusafiri usiku kwa meli.

Siku hizi huamka saa tisa na nusu usiku kama mtu anayekwenda kupokea zamu, akachukua tochi, akaizunguka nyumba, kisha akangoja adhana. Majirani bado humletea ugomvi wa mipaka na mikarafuu. Huwasikiliza hadi mwisho na kuwaelekeza kwa sheha, na wakishaondoka hufungua daftari lake, akaandika tarehe, saa na majina ya waliokuja.