Gari la deki mbovu

Nilipoanza kuwakusanya watoto wa mtaani kwetu Kihonda, hapa Morogoro, waje wakati wa likizo tuunde vitu, ushauri ulimiminika, na mwingi ulikuwa wa hovyo. Mmoja alisisitiza nisithubutu kuanza mpaka niagize seti za vifaa kutoka China, kwa bei ambayo ningelazimika kuuza pikipiki. Mwingine, fundi kabisa, akaniambia gari la kuchezea la mota ni kazi ya dakika tano: gurudumu unaligundisha kwenye mota, basi.

Vifaa nilivipata kwa fundi redio sokoni, deki za DVD zilizokufa, mfuko mzima kwa hela ya soda mbili tatu. Bodi za umeme nilizitoa mwenyewe kwanza. Kapasita kubwa iliyomo, kile kifaa cha kutunza chaji, hujaa zaidi ya volti 300, na inaweza kubaki na chaji hata deki ikiwa imechomolewa. Hapo usimwachie mtoto, hata awe na miaka 15.

Basi, tukajaribu hilo la dakika tano. Ukilinyanyua gari, gurudumu linazunguka kama feni. Ukiliweka chini, halisogei, mota inachemka tu. Madogo wakaongeza betri ya tatu, wakaongeza ya nne, wakapunguza mzigo mpaka dereva wa udongo akashushwa. Fundi wetu akapita, akatazama, akasema mota zenyewe feki.

Aliyetuokoa ni binti wa darasa la sita, mama yake ana cherehani ya miguu. "Anko, kwa mama gurudumu kubwa la chini ndilo linazungusha dogo la juu, ndiyo maana sindano inakimbia. Sisi tugeuze."

Tukageuza: dogo lizungushe kubwa, mbio zipungue, nguvu iongezeke. Mota inayotoa trei ya deki huwa tayari ina kapuli kake kadogo, yaani kagurudumu ka kupitishia mkanda. Kubwa tuliliunda kwa CD mbili, katikati duara la boksi lililo dogo kuliko CD, ukapatikana mfereji wa mkanda. CD hizohizo ndizo gurudumu, na mkanda, yaani raba ya kufungia noti, haugusi chini. Gari likaenda polepole, kwa kiburi, likapanda na mkeka.

Kulehemu nilikataa, risasi ya kulehemia na chumba changu kidogo haviendani. Pete za tyubu ya baiskeli, zile za kukata kama za manati, zinabana waya kwenye betri vizuri tu. Ekseli ni spoku iliyopitishwa kwenye mrija wa kalamu iliyokwisha.

Ukianza na wa kwako, CD omba za filamu zilizochakaa na uzisome kwanza zimeandikwa nini. Dogo mmoja alituletea ya harusi ya wazazi wake. Mama kasema tuiache hukohuko kwenye gari. Baba bado hajaulizwa.