Ngazi Ngapi Hadi Chumbani?

Sisi wa dagaa hatupangi safari kwa kalenda ya ukutani. Tunaangalia mwezi. Ukishakuwa mpevu, ziwa linang'aa usiku kucha, taa za wavuvi hazimvuti dagaa yeyote, mitumbwi inalala mwaloni. Siku hizo sita au saba meza yangu hapa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, inabaki na dagaa wa wiki iliyopita na stori za watu. Hiyo ndiyo likizo yangu, na siombi ruhusa kwa mtu.

Mwaka huu nimeamua mbalamwezi ya mwezi wa kumi nimpeleke mama Unguja. Tulale Mji Mkongwe usiku tatu, kwenye hoteli ndogo ya mjini, si zile za ufukweni zenye geti na mabwawa ya kuogelea. Mama ana miaka 68, ni Msukuma wa Sengerema, amelitazama ziwa maisha yake yote na bahari hajawahi kuiona. Nilipomwambia, aliniuliza swali moja: "Hayo maji kweli ni ya chumvi, au mnatutaniaga tu?" Nikajua nimeshampata.

Nauli nilijua itauma. Magoti ya mama ndiyo sikuyawaza.

Mimi nakaa Mabatini, juu maweni, na anayeijua Mwanza anajua maana yake: bodaboda inakuacha chini, unapanda mwenyewe. Ngazi 44 hadi mlangoni kwangu, nimezihesabu na ndoo kichwani. Mama akija kunitembelea anapumzika mara mbili, mara ya kwanza kwa muuza maandazi ambaye siku hizi anamwekea kigoda kabisa, mara ya pili kwenye jiwe lenye kivuli. Akifika juu haongei mpaka amalize kikombe cha maji. Halafu anaanza kunilaumu kwa kupanga kwenye viota vya tai.

Sasa nyumba za Mji Mkongwe, kumbe, nazo ni ngazi tupu. Sikujua. Nilikuwa naangalia picha kwenye simu, na picha zote ni za juu ya paa: meza, juisi ya ukwaju, bahari kwa nyuma. Hakuna hata mmoja aliyepiga picha ngazi za kumfikisha hapo. Ikabidi nisome. Nyumba zile zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene, na sakafu za juu zimebebwa na boriti za mikoko, nyingi zilikuwa zinaletwa kwa majahazi kutoka Rufiji. Boriti ya mkoko haiendi mbali, mita tatu hivi imeisha. Kwa hiyo chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko mti uliobeba dari yake. Ukitaka nafasi zaidi unapandisha nyumba juu. Chini wengi walifanya duka au ghala, wenyewe wakaishi juu kwenye upepo. Ukiigeuza nyumba ya namna hiyo kuwa hoteli ya vyumba tisa, chini panabaki mapokezi na stoo, na mgeni unapanda.

Basi nikaanza kupiga simu. Nilikuwa na orodha ya hoteli saba nyuma ya daftari la madeni.

Ya kwanza walinipa bei kwa dola. Dola 65 kwa usiku. Nikamwambia kaka, mimi ni Mtanzania, napiga kutoka Mwanza, dola nitaitoa wapi? Akakaa kimya kidogo, kisha akasema kwa mkazi itakuwa shilingi 110,000. Sikuendelea naye. Bei haikunishinda sana, ila mtu anayesubiri mpaka ulalamike ndipo akwambie bei yako, utalalamika mpaka siku ya kuondoka. Nawashauri mnaopanga: sentensi ya kwanza baada ya salamu iwe "naomba bei ya mkazi". Mengine yafuate.

Mbili hazikupokea. Moja walikuwa wakarimu sana lakini iko ndani kabisa Kiponda, na mama anataka Jumapili asikose misa. Kanisa Katoliki la Mji Mkongwe ni lile la Mtakatifu Yosefu, wenyewe wanaliita Minara Miwili, la tangu miaka ya 1890, liko upande wa Shangani. Kutoka Kiponda ni vichochoro, na vichochoro vile havina gari. Kwa hiyo nikafuta zote za upande ule, nikabaki na zilizo karibu na Minara Miwili, ambako teksi inaweza kuishia Barabara ya Kenyatta na mtu mzima akatembea kidogo tu.

Ya sita ndiyo iliyonipata. Alipokea dada mmoja, sauti ya taratibu, Kiswahili chake kinatiririka mpaka nikaona aibu ya cha kwangu. Sisi huku tunaongea kama tunagombana, hata tukiwa tunasifiana. Nikamweleza: niko na mama, magoti hayafai, naomba bei ya mkazi, na nataka kujua kuna ngazi ngapi hadi chumbani.

"Ngazi ngapi?" akarudia.

"Ndiyo, dada. Idadi."

"Ngoja basi nikazihesabu."

Akaweka simu mezani. Nikasikia kandambili zake zikipanda, pa, pa, pa, zikafifia, kisha kimya, kisha zikirudi. Mteja wangu amesimama mbele yangu na ndoo ya dagaa, nimemwonyesha kidole asubiri. Dada akarudi anahema. "Thalathini na moja, mwenzangu. Sikuwahi kuzihesabu, na nina miaka minne hapa."

Nikamuuliza zina kimo gani, kwa sababu ngazi 31 fupi si sawa na 31 za kurukia. Akaenda tena! Safari hii alikwenda na simu. Akaniambia kila moja ni urefu wa simu yake na nusu. Nimepima simu yangu kwa rula ya mwanangu, ikaja sentimita 16. Nusu yake jumlisha, 24. Nikachukua tofali nikaliweka mlangoni, nikaongezea ubao mpaka zikafika hizo 24, nikapanda na kushuka mara kumi. Mimi mwenyewe goti la kushoto likalia.

Nilikuwa tayari kukata tamaa, dada akasema kipo chumba kidogo nusu ya njia, walikuwa wanampa mhasibu wa tajiri akija. Ngazi tisa tu, na pembeni pametungikwa kamba nene ya kushikilia. Dirisha moja, linatazama kichochoro, bahari huioni. Kitanda ni cha Kizanzibari, kile cha nguzo nne na chandarua, na kiko juu kidogo, lakini ataweka kigoda. Bei 90,000 kwa usiku pamoja na chai ya asubuhi. "Na chai tutamshushia mama hapo hapo," akasema, "sisi kupanda ndiyo kazi yetu."

Nililipa nusu siku hiyo hiyo, 135,000, kwa lipa namba. Kabla sijabonyeza nilihakikisha jina lililotokea ni la biashara na si la mtu, na nikamwomba anitumie picha ya hizo ngazi tisa. Akatuma. Kamba ipo, rangi ya kijani, imechakaa katikati kwa mikono ya watu.

Mama nikampa habari. Akataka naye aongee na hoteli. Nikaweka sauti ya wazi. Baada ya salamu ndefu mama akauliza kama nyumba yao ni imara, maana amesikia kwenye redio kwamba nyumba kubwa kuliko zote huko ilianguka. Ni kweli, Beit al-Ajaib, ile ya Sultani Barghash ya mwaka 1883, upande wake mmoja uliporomoka Desemba 25, 2020. Nilitamani nizime simu. Dada wa watu hakukasirika hata kidogo. Akasema, "Mama, ile ni kubwa na imesimama mbele ya bahari, yetu ndogo, imeegemezana na za jirani, hata ikitaka kuanguka haina pa kuangukia." Mama akacheka mpaka machozi. Hilo jibu silo la mhandisi, lakini lilifanya kazi.

Wakaingia kwenye chakula. Dada akamtajia chai ya asubuhi: matunda, mayai, mkate wa kusukuma.

"Mkate wa Kisukuma?" mama akashtuka. "Huko Unguja?"

Ikachukua dakika kueleweshana kwamba wao chapati ndiyo wanaiita mkate wa kusukuma. Mama hakuridhika. Anasema lazima kuna Msukuma mmoja zamani alikwenda na misafara akawafundisha, haiwezekani jina litoke hewani. Nimemwacha na historia yake. Misafara ilikuwepo kweli, njia yenyewe ndiyo hii tunayokwenda kuipita kinyumenyume. Stanley, yule mzungu mvumbuzi, aliondoka pwani Novemba 1874 akafika Kageye, kando ya ziwa letu, Februari 1875, na Kageye si mbali na Kayenze ninakokwenda kununua dagaa. Miezi mitatu na zaidi, kwa miguu ya watu wengine na mizigo vichwani. Sisi tumepanga siku tatu: basi la alfajiri kutoka Nyegezi, jioni tuko Dodoma, tunalala. Kesho yake treni ya umeme hadi Dar, tunalala kwa dada yangu. Kesho kutwa bandarini. Ningeweza kumpeleka kwa basi moja kwa moja hadi Dar, lakini usiku mzima amekunja yale magoti? Hapana. Treni ataamka akanyooshe miguu.

Hapo bandarini ndipo palipokuwa na mgogoro. Mama haogopi maji, anaogopa meli. Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipozama ikija Mwanza, binamu yake alikuwemo. Ni miongoni mwa waliozikwa Igoma. Tangu hapo kivuko cha Kigongo alikuwa anavuka kwa sababu hana njia nyingine, rozari mkononi, macho kayafumba hadi Busisi. Daraja lilipofunguliwa Juni 2025 alivuka mara tatu siku moja, kwenda, kurudi, na kwenda tena, kusudi tu. Mtu kama huyo namwambia apande boti saa mbili nzima baharini.

Nikamwekea na ndege mezani. Dar hadi Unguja ni dakika ishirini, nikasema hela nitaongeza, nitapunguza kwingine. Akafikiria siku mbili. Jumamosi akanipigia: "Boti, mayu. Maji nayajua. Huko juu sina ninayemjua."

Mwezi wa kumi tulikuwa tumeuchagua kwa ajili ya dagaa, ila dada wa hoteli naye alituunga mkono. Anasema upepo wa kusi unakuwa umetulia, wa kaskazi haujashika, boti haitupi watu sana. Februari alinionya nisijaribu, kuna tamasha la Sauti za Busara na mji unajaa mpaka pomoni, na Machi hadi Mei ni masika. Nilipomwambia tutafika mwezi ukiwa mpevu akasema basi tutakuta bamvua: maji yatajaa pale Forodhani hadi karibu na ukingo, vijana wanajirusha, na yakipwa yanarudi nyuma sana. Hilo mama limemvuruga kuliko ngazi zote. Ziwa letu halina kupwa na kujaa. Ananiuliza kila siku yakipwa yanakwenda wapi. Nimemjibu majibu matatu tofauti, hakuna aliloliamini.

Kwa hiyo daftari langu sasa liko hivi: vitambulisho vya NIDA, vyote viwili, kwa ajili ya tiketi za boti. Dawa ya magoti. Vitenge viwili vya mama, maana mjini kule watu wanajisitiri na yeye hana nguo ya kumtia wasiwasi mtu. Ijumaa Forodhani jioni, urojo na mishkaki, akishiba turudi. Jumamosi Mkunazini, kwenye kanisa lililojengwa palipokuwa soko la watumwa hadi 1873. Amesema anataka kuliona, ila hataki kushuka vile vyumba vya chini, na sitamlazimisha. Jumapili Minara Miwili. Darajani kama miguu itaruhusu. Viungo sina haja navyo, lakini majirani zangu Mwaloni wamenipa orodha, na ukirudi kutoka Unguja mikono mitupu hapa utahamishwa meza.

Kuna jambo moja limebaki. Mama amekwishaanika michembe, gunia zima, na kilo tano za dagaa amenitengea niwachague wazuri. Anasema haendi nyumbani kwa watu akiwa hana kitu, na kwamba asubuhi bila viazi tumbo lake halifunguki, hiyo mikate ya kusukuma iwe imetoka kwa Msukuma au kwa nani. Nimempigia tena dada wa hoteli kuuliza kama wana jiko tunaweza kuchemshia michembe kidogo.

"Tunalo, mwenzangu, hapana tabu," akasema. "Ila michembe ndiyo nini?"